Gari linatembelea pistoni tatu: kabla hujanunua koili

Mwalimu mmoja wa Konde aliniletea gari hapa Chake Chake akiwa na koili nne mpya mkobani, zile zinazoipa plagi umeme wa kutoa cheche, bado zimo ndani ya maboksi. Gari lenyewe Spacio ya mwaka 2002, injini 1NZ-FE. Likisimama linatikisika, likipanda mlima linarukaruka kama linavutwa kwa kamba. Fundi aliyelitazama mwanzo alimwambia koili zimekufa, abadilishe zote. Akaagiza Dar, akalipa, akasubiri boti.

Nilipochomoa koili ya pili ilitoka inachuruzika oili. Mpira wake umevimba, umelainika hata ukiuminya kidole kinaacha alama. Nikamulika kwa tochi ndani ya shimo: oili imepanda mpaka nusu ya plagi, imevuja kutoka tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini.

"Mwalimu, hizi nikikufungia leo bila ya kubadilisha gasketi ya tapeti kava, utarudi kwangu kabla ya Ramadhani."

"Kwa hiyo pesa zangu nimezitupa, mwanangu?"

"Hujazitupa. Moja tutaifunga, moja iweke garini, mbili mrudishie muuzaji kama anakubali."

Koili husingiziwa upesi sana, na mara nyingi kweli imekufa. Lakini karibu kila koili niliyoitoa ilikuwa na kilichoiua, na kile kisipoondolewa, mpya nayo inafuata njia ileile. Kwetu Pemba jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu spea nzuri husubiri boti ya Unguja au Dar, na mtu hawezi kununua kwa kubahatisha mara mbili.

Koili inakufaje

Betri inatoa volti 12. Volti 12 haziwezi kuruka nafasi ya milimita moja mdomoni mwa plagi, tena ndani ya hewa iliyokandamizwa. Ndani ya koili kuna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma: mmoja mnene wa mizunguko michache, mmoja mwembamba wa mizunguko maelfu. Umeme ukipita kwenye mnene kisha ukakatwa ghafla, mwembamba unatoa volti 15,000, 30,000, hata 40,000. Anayekata ni platini kwenye magari ya zamani sana, au transista inayoamriwa na kompyuta kwenye haya ya baadaye.

La kushika hapa ni hili: volti hizo hupanda mpaka zipate pa kurukia. Plagi ikiwa nzima zinarukia mdomoni mwake mapema, kazi imekwisha. Plagi ikichakaa, nafasi ya milimita 1.1 ikawa 1.5, volti zinalazimika kupanda zaidi. Zikikosa pa kupita kwenye plagi zinatafuta njia nyengine: zinatoboa mpira zikarukia ukuta wa shimo, au zinatoboa ganda la ndani ya koili yenyewe. Ndiyo maana nikiletewa koili iliyokufa, la kwanza nauliza plagi zina muda gani. Jibu huwa, "Tangu nilinunue gari sijazigusa."

Linatikisika, halina nguvu mlimani

Hii ndiyo kesi ninayoletewa zaidi. Kabla ya kufungua chochote, tofautisha mambo mawili. Gari linalotikisika kwenye sailensa tu, yaani injini ikinguruma bila ya kukanyagwa mafuta, ukikanyaga mafuta likatulia na kwenda vizuri, usianze na koili. Mara nyingi hewa inaingia mahali isipotakiwa: mpira mdogo wa hewa umepasuka, au gasketi ya manifoldi imeachia. Gari linalotulia sailensa lakini likipewa mzigo linakata, hilo ndilo la moto mdogo, yaani cheche dhaifu. Ukikanyaga sana mafuta, hewa ndani ya silinda hukandamizwa kwa nguvu zaidi na cheche inapata tabu kuruka. Koili dhaifu inashindwa hapo. Mimi nalijaribu gari mlimani kwa gia ya juu, abiria wawili watatu ndani. Wenye magari ya kubebea karafuu hawana haja ya jaribio hili, magunia yenyewe huwaambia. Koili iliyokwisha kabisa haichagui: inatikisa sailensa na mlimani pia.

Ukiridhika kuwa ni moto, tafuta ni pistoni ipi. Kwenye gari lenye koili juu ya kila plagi, kama IST, Probox au Spacio ile, injini ikiwa inanguruma chomoa soketi ya nozeli (kinachopulizia petroli ndani ya injini) moja moja, usikilize. Ukichomoa ya pistoni nzima, injini inazidi kuyumba. Ukichomoa isiyofanya kazi, hakibadiliki kitu. Wengi wanachomoa koili badala ya nozeli. Mimi nakataza. Ukichomoa koili, petroli inaendelea kumwagika humo bila kuungua, inakwenda kuungulia kwenye masega ya kusafishia moshi ndani ya egzosi, na volti zinaweza kukurukia mkononi.

Pistoni ya kwanza kwenye injini hizi ni ile ya upande wa mkanda wa alternata, na hesabu inakwenda kuelekea giaboksi. Mwenye kimashine cha kusomea kompyuta atapata P0301 kwa pistoni ya kwanza, P0302 ya pili, mpaka P0304. P0300 ni kukata kusikokaa mahali pamoja. P0351 hadi P0354 ndizo zinazoitaja njia ya umeme ya koili yenyewe, nyaya zake zikiwamo. Magari mengine yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasikilizani na kila kimashine, kwa hiyo sikio lisistaafu.

Sasa jaribio lisilogharimu hata shilingi. Tuseme pistoni ya pili ndiyo haifanyi kazi. Zima gari, toa koili ya pili uifunge ya tatu, ya tatu uilete ya pili. Plagi usiziguse, nozeli usiziguse. Washa. Ugonjwa ukihamia ya tatu, koili ndiyo mgonjwa, nenda kanunue kwa moyo mkunjufu. Ukibaki ya pili, koili umeisingizia: hamisha plagi kwa njia ileile, halafu ndipo utazame soketi na nyaya, nozeli, na mwisho kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kukandamiza hewa. Jaribio hili linachukua robo saa kwa spana namba 10 na spana ya plagi. Lau yule fundi wa mwanzo angelifanya, mwalimu asingenunua koili nne.

Asubuhi na siku za mvua tu

Gari likisumbua asubuhi yenye umande, au masika yanapoanza Machi, halafu jua likiwaka likapona, umeme unavuja. Kwenye gari la distributa, lenye koili moja na mfuniko unaogawa umeme kwa plagi zote, kama zile Carina na Corolla za miaka ya 90, shuku mfuniko wa distributa, rota na waya za plagi kabla ya koili. Subiri giza, fungua boneti, washa injini, zima taa zote, utazame tu bila ya kugusa. Nyaya zilizochoka zinatoa vicheche vya buluu vinavyotambaa juu ya mpira. Ukipuliza maji kidogo kwa chupa ya dawa ya nywele, vinaonekana zaidi. Mfuniko ukiutoa, utazame ndani upande wa mwanga: ufa unaonekana kama unywele mweusi kutoka nguzo moja kwenda nyengine. Hauzibiki kwa gundi, badilisha.

Kwenye koili za juu ya plagi alama hiyohiyo iko pengine. Toa plagi, ifute kwa kitambaa kikavu, iangalie kauri nyeupe. Ukiona mstari mwembamba wa kijivu kama uliochorwa kwa penseli, unaoshuka kutoka kichwani hadi kwenye chuma, hapo ndipo volti zilipokuwa zikiteremkia. Sasa geuza mpira wa koili ndani nje kadiri unavyokubali: utakuta mstari wa pili, pacha wake, umechomeka kwenye mpira mahali palepale. Fundi akibadilisha plagi akauacha mpira ule, gari linapona siku chache kisha mstari unajichora upya kwenye plagi mpya. Vibadilishwe vyote viwili. Baadhi ya koili mpira wake unauzwa peke yake, na koili yenyewe ikiwa nzima hiyo inatosha.

Kwetu kuna na chumvi. Gari linalolala karibu na pwani, au la mvuvi linaloteremka mpaka ufukweni, soketi zake huota kutu ya kijani. Chomoa soketi utazame vile vipini vidogo. Ukiona ukijani, safisha kwa spirei ya kusafishia umeme na brashi laini. Msasa usitumie, unakwangua ile rangi inayozuia kutu, na mwezi unaofuata pameoza zaidi.

Likipata joto linazima, likipoa linawaka

Unatoka Wete vizuri, unafika njiani gari linazima kama limekatwa kisu. Unakaa chini ya mwembe nusu saa, linawaka, unaendelea. Koili inayokufa hufanya hivi hasa: waya mwembamba uliokatika ndani unagusana ukiwa baridi, ukipata joto unatanuka na kuachana. Ubaya wake ni kuwa ukipima gereji asubuhi koili ni nzima. Ipime ikiwa ya moto, palepale lilipozima.

Lakini si koili peke yake yenye tabia hii. Sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka, inazima vivyo hivyo, pampu ya petroli pia, na kwenye magari ya platini hata kondensa. Likizima, tazama kwanza kama plagi zina moto. Zikiwa na moto, achana na koili, kamata njia ya petroli.

Linapiga stata lakini haliwaki

Hapa mgawanyo ni rahisi. Gari lenye koili moja, koili ikifa gari limekufa, kwa hiyo ni mshukiwa halali. Gari lenye koili nne, zote nne hazifi siku moja. Tazama fyuzi, rilei, sensa ya krenki, na ufunguo wenye chipu. Ukiambiwa koili zote nne zimekufa kwa pamoja, usilipe kabla hujaonyeshwa.

Kutazama moto kwenye gari la distributa: chukua plagi nzima ya akiba, ivike waya, ifunge kwa waya wa jampa kwenye chuma cha injini, mwenzio apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia tak tak. Ya rangi ya chungwa, nyembamba, ni dhaifu. Usiishike kwa mkono, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu. Mwenye kifaa cha moyo asisogee kabisa.

Taa ya injini inamweka-mweka

Ikiwaka ikatulia, unaweza kufika nyumbani. Ikimweka-mweka, petroli mbichi inaingia kwenye egzosi na masega yanapata moto mpaka yanayeyuka. Punguza mwendo, usipande mlima nayo, litengeneze leo.

Kupima kwa mita

Mita ni kwa koili ya zamani ya mkebe, yenye pini mbili ndogo. Koili ya soketi yenye pini nne, kama ya 1NZ-FE, ina transista ndani, na om utakazozisoma hazina maana. Pini hizo ni umeme wa betri, athi (waya wa kwenda kwenye chuma cha gari), amri ya kompyuta, na ya kuirudishia kompyuta habari kuwa koili imepiga. Unachoweza kupima ni soketi: fungua swichi bila ya kuwasha, pima kati ya pini ya betri na ya athi, upate volti za betri. Zikipungua sana, tatizo liko kwenye waya.

Koili ya mkebe ipime imefunguliwa nyaya zote. Kwanza gusanisha ncha mbili za mita usome zinatoa ngapi. Mita nyingi zinasoma 0.2 au 0.3 hata zikigusana zenyewe, toa hiyo kwenye hesabu. Kati ya pini mbili ndogo utapata kama om 3, au 1.5, au chini ya 1 kwenye mifumo ya transista. Kati ya pini ndogo na tundu la kati, kiasi cha om 5,000 mpaka 15,000. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Na kama mkebe unavuja mafuta chini, usihangaike kupima.

Kuchagua

Kwenye magari ya mkebe kosa kubwa ni kutojua kama gari lina balasti, yaani kizuizi cha umeme kilichofungwa kabla ya koili, kipande cheupe cha kauri au waya maalumu. Gari lisilo na balasti linataka koili ya om 3: chaji ikiwa volti 13.8, inakula ampea 4.6. Ukiifunga ya om 1.5 mahali hapo inakula ampea 9.2, platini zinaungua, koili inachemka. Kinyume chake, om 3 juu ya balasti, inatoa moto mdogo. Soma ubavuni mwa mkebe, nyingi zimeandikwa kama zinataka kizuizi cha nje.

Kwenye koili za juu ya plagi, nunua kwa namba, usinunue kwa sura. Kwa Toyota, 1NZ-FE ni 90919-02240, na 1ZZ-FE ni 90919-02239. Zikilazwa mezani mtu asiyezoea anaona kitu kimoja. Spacio hizi zinakuja na injini zote mbili, kwa hiyo soma injini, usiseme "nipe ya Spacio".

Bandia zimejaa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua tatu dukani, boksi zuri, maandishi mazuri, na ya kwanza ilikufa baada ya wiki tatu, kwenye gari la mtu ninayemheshimu. Niliipasua. Ndani gundi ya kuzuilia umeme ilikuwa na mapovu, na kila povu ni mlango wa volti. Tangu hapo naishika ya dukani mkono mmoja na ya zamani mkono mwengine: uzito, urefu wa shina, ugumu wa mpira, springi ya ndani imekaa katikati au imelala, pini zimenyooka au zimepinda. Maandishi ya original yamechimbwa au kuchapwa kwa wino usiofutika kwa kucha.

Baina ya mpya ya bei ya chini na original iliyotumika, iliyotolewa kwenye injini ya Japani, mimi nachukua iliyotumika, kwa sharti ijaribiwe garini mbele yangu. Original mpya ni bora kuliko zote kama mfuko unaruhusu. Na nne kwa pamoja? Sishauri, iwapo tatu ni nzima. Nunua mbili, moja funga, moja iache garini imefungwa kwenye nailoni. Usiku wa manane kati ya Konde na Wete ndiyo itakayokufikisha nyumbani. Plagi lakini badilisha zote nne siku hiyohiyo. Za iridiamu zinafika kilomita 100,000, za kawaida 20,000 hadi 30,000.

Kufunga

Injini ipoe kabisa, maana kichwa chake ni alumini na uzi hung'oka ukiwa wa moto. Ondoa waya wa hasi wa betri. Soketi za miaka 20 zimekauka: bonyeza ulimi wake, sukuma mbele kidogo kwanza, ndipo uvute, na uvute soketi yenyewe, nyaya usizivute. Fungua bolti ya namba 10, zungusha koili kidogo kushoto na kulia mpaka mpira uachie, kisha vuta juu moja kwa moja.

Kabla ya kugusa plagi, pulizia upepo ndani ya shimo. Mchanga na udongo wetu mwekundu ukidondoka ndani ya silinda unakwangua kuta. Pakiwa na oili, inyonye kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye bisibisi, mwagia dawa ya kusafishia kabureta kidogo, nyonya tena. Na gasketi ya tapeti kava ibadilishwe pamoja na sili za mashimo ya plagi, vinginevyo umefanya kazi bure.

Plagi mpya anza kuifunga kwa mkono. Ikikataa usiilazimishe, itoe uanze upya. Ikishakaa, kwa injini hizi inakazwa kiasi cha nyutonimita 18. Usipokuwa na spana yenye kipimo, plagi mpya yenye washa ikikaa kwa mkono iongeze nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Ndani ya mdomo wa mpira pakaza grisi ya silikoni nyembamba kama pete, itasaidia kutoka siku nyengine na kuzuia unyevu. Grisi ya beringi usitumie, inaula mpira.

Kwenye koili ya mkebe, usigeuze nyaya za chanya na hasi. Gari litawaka hivyo hivyo, kwa hiyo wengi hawajui wamekosea, lakini cheche inahitaji volti zaidi kwa sababu inaanzia upande wa baridi wa plagi. Na usiache swichi wazi injini ikiwa imezima. Platini zikiwa zimefunga, umeme unapita moja kwa moja na koili inaungua pale ulipo.

Ikifa tena palepale

Koili mpya ya pistoni ileile ikifa ndani ya miezi michache, acha kununua. Pima chaji injini ikinguruma: kati ya 13.5 na 14.7 ni sawa, ikipita 15 alternata inachemsha kila kitu, koili mojawapo. Tazama waya wa athi kati ya injini na bodi, ufungue, usafishe kutu, ufunge. Chunguza nyaya za soketi ile hasa zinapopinda karibu na tapeti kava, joto limezikausha na shaba inaonekana. Muulize na anayeliosha: mpira wa maji ya kasi ukielekezwa juu ya injini, maji yanakaa kwenye mashimo ya plagi siku nzima, na injini ikipata joto yanageuka mvuke chini ya mpira wa koili.